Uzi: Hatari za mjengo Lamu na Malindi, hasa kwenye kazi ndogo za nyumba ambazo hakuna anayezihesabu

Mwanzilishi wa uzi (mwashi, Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu, nawasalimu wote mlioko Amu, Malindi na kwingineko pwani.

Ninaandika kwa sababu ya kijana mmoja wa miaka 22 aliyeanguka na dari katika nyumba ya zamani mtaani Mkomani, na kwa sababu ya maneno yaliyosemwa barazani jioni ya siku ile. Mimi ni mwashi. Nilianza kwa kubeba mawe kutoka gatini nikiwa sijaota ndevu, na sasa nimetimiza miaka 31 mwiko na timazi mkononi, kwa hivyo ninayoyaeleza hapa si ya kusimuliwa. Kijana yule alikuwa akivunja dari iliyooza pamoja na wenzake wawili. Mwenye nyumba hakuwapo; alikuwa akituma fedha kwa simu kwa jamaa yake, na jamaa yake naye amemwachia mnyapara kila kitu. Kabla ya adhuhuri dari ilishuka nzima, naye akashuka nayo, akavunjika nyonga na paja. Jioni kila aliyefika barazani alisema kwamba ajali haina kinga. Nilipouliza jina la kijana limeandikwa katika daftari gani, na ni nani hasa mwajiri wake, watu walitazamana.

Watu wanapotaja hatari za ujenzi Lamu, fikira huenda moja kwa moja kwenye bandari ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Ni kweli kwamba kazi kubwa ina hatari kubwa, lakini kazi ya namna ile ina lango, ina orodha ya wanaoingia, na kijana asiye na kofia ngumu hurudishwa getini. Vijana hao hao wakimaliza mkataba hurudi mjini, huvua kofia na buti, na kesho yake wako juu ya ukuta wa ghorofa mbili wakiwa na ndara. Kazi za nyumba, za watu watatu au wanne, zinazoanza Jumamosi na kwisha kabla mwezi haujaandama, ndizo ambazo mtu akivunjika habari yake inaishia barazani. Ninaamini kwamba huko ndiko tunakoumia zaidi, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya maumivu hayo inajulikana tangu alfajiri, kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa.

Nianze na dari, maana ndiyo iliyoniliza. Wanaojua nyumba zetu za mawe wanajua kwamba upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya Mji wa Kale ni virefu na vyembamba, visivyofika meta tatu kwa upana. Boriti hupangwa karibu karibu, juu yake huwekwa mawe madogo ya matumbawe na chokaa, kisha sakafu. Mzigo wake ni mkubwa sana. Kila kizazi kikifanya ukarabati huongeza tabaka, na miaka ya karibuni wengi wamekuwa wakimwaga saruji juu ya chokaa ya kale wakidhani wanaiimarisha. Saruji haiupi ukuta wa chokaa nafasi ya kupumua. Unyevu hujifungia ndani, na mahali pa kwanza kuoza ni kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani. Ukiitazama kutoka chini, boriti ni nyeusi, ngumu na nzuri. Kichwa chake kimekuwa unga. Hivyo ndivyo dari inavyoonekana nzima asubuhi na kushuka kabla ya adhuhuri.

Kuivunja kwa usalama kunawezekana, na wazee waliotufunza walikuwa wakifanya hivyo bila kusoma kitabu. Kwanza unachimbachimba kwa tindo au kwa msumari mrefu mahali boriti inapoingilia ukutani, kila boriti, pande zote mbili, ili ujue zipi zimekufa. Pili unasimamisha nguzo za kuegemeza chini yake, zikiwa juu ya mbao na si juu ya sakafu tupu, na ikiwa chini yake kuna dari nyingine, basi na hiyo nayo inaegemezwa, la sivyo utahamisha mzigo wote kwenye dari ambayo nayo huijui. Tatu, unatandaza mbao nene kutoka ukuta hadi ukuta na kusimama juu ya hizo mbao. Kusimama juu ya dari unayoivunja ni sawa na kukata tawi ulilokalia. Kifusi hakirundikwi juu, kinateremshwa kila baada ya muda mfupi, na wakati huo hakuna mtu, hata mtoto wa mwenye nyumba, anayeruhusiwa kupita chini. Kwa kijana wetu hakukuwa na nguzo hata moja. Mnyapara aliniambia kwamba boriti ni ghali siku hizi na kazi ilikuwa ya siku mbili tu.

Jukwaa nalo lina mambo yake hapa kwetu ambayo sidhani kama yako Nairobi. Vichochoro vyetu vingine ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hawapishani, kwa hivyo fundi husimamisha miti yake ikiwa imebana ukuta, miguu haina nafasi ya kutanuka, na punda aliyebeba mawe akiisugua nguzo moja tu, jukwaa zima hutikisika. Nimeona hilo kwa macho yangu mara mbili. Kamba za mkonge na za makumbi, zikishalowa mvua ya masika na kukauka kwa jua na chumvi ya bahari, huoza kwa ndani na hazionyeshi. Jukwaa la kichochoroni lifungwe kwenye ukuta wenyewe, kupitia madirisha, kwa miti inayokingama kwa ndani. Mbao za kukanyagia ziwe zaidi ya moja na zifungwe, na kuwe na mti wa kushikilia unaofika karibu meta moja juu ya miguu. Kichochoro kifungwe kwa saa chache kwa kumwarifu mzee wa mtaa. Kenya ina kanuni za ujenzi tangu mwaka 1984 zinazozungumzia majukwaa, ngazi na machimbo kwa kirefu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, pawe pa muda au pa kudumu. Haisemi popote kwamba nyumba ya Mkomani haimo.

Kuhusu chokaa na saruji nina machungu ya pekee, kwa kuwa mikono yangu mwenyewe ni ushahidi. Chokaa iliyotoka tanurini ambayo bado haijamwagiwa maji ina moto ndani yake: ukiimwagia maji huchemka na kuruka, na tone moja likiingia jichoni linaweza kumaliza uwezo wa jicho hilo kuona. Saruji mbichi ni ya hila zaidi kwa sababu haiumi papo hapo. Fundi hupiga magoti juu ya zege, maji yake hupenya suruali, naye huendelea na kazi akidhani ni unyevu tu. Usiku ndipo ngozi inapoanza kuchubuka, na asubuhi goti lina jeraha lililoingia ndani. Baadhi ya saruji zina kemikali ya kromiamu inayoifanya ngozi ya mtu ikatae saruji maisha yake yote, na mwashi ambaye ngozi yake imekataa saruji amepoteza riziki. Glavu za mpira, gamuboti ndefu na miwani ya kazi ni vitu vya bei ndogo ukivilinganisha na riziki hiyo.

Vumbi nitalisema kwa ufupi. Jiwe la matumbawe lenyewe ni chokaa kwa asili, lakini mchanga, zege, vigae na mawe magumu ya kutoka bara vina silika (madini ya mchanga), na anayevikata kwa grainda bila maji anavuta unga mdogo usioonekana ambao hukwama mapafuni na haurudi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka unga huo katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997. Mwagia maji unapokata. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga huo.

Nawakaribisha wengine waongeze, hasa wa Malindi, kwa sababu kazi zenu zina sura nyingine.

Fundi wa makuti, Malindi

Waalaykum salaam, fundi. Nakushukuru kwa kuanza. Mimi naezeka makuti kwenye mahoteli na majumba ya kupangisha kuanzia Casuarina hadi Mambrui, na paa zetu ni ndefu na zimeinama sana ili maji yasikae. Tunapanda miguu mitupu kwa sababu kiatu huteleza juu ya fito. Kazi mpya ina nafuu, maana unajua ulichokifunga. Hatari ni kazi ya kubadilisha makuti ya zamani: fito zimeliwa na wadudu, kamba zimekatika, na unakanyaga mahali ambapo huoni kilichoko chini. Juu ya hayo kuna nyuki, na mara nyingine nyoka. Mwenzangu aliachia mikono kwa sababu ya nyuki tu, wala hakuteleza.

Tukiambiwa tujifunge, hujifunga kamba kiunoni na kuifunga kwenye mti wa mgongo wa paa. Je, inatosha?

Jambo la pili ni jua. Msimu wa wageni wa Desemba hadi Machi ndio msimu wa kaskazi, na matajiri wanataka paa liishe kabla ya wageni kushuka. Tunafanya kazi tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Vijana wanaotoka bara ndio wanaoanguka kwa kizunguzungu.

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, kamba ya kiunoni usiitegemee. Mtu akianguka meta mbili na kuzuiwa ghafla na kamba ya kiunoni, mzigo wote huja juu ya tumbo na mgongo, na anaweza kuumia ndani vibaya sana, au akachomoka kichwa chini. Kinachotakiwa ni mshipi kamili unaoshika mabega na mapaja, wenye kamba fupi, na kamba hiyo ifungwe kwenye mti mzima uliojaribiwa, au ivushwe juu ya mgongo wa paa na kufungwa upande wa pili kwenye nguzo ya chini. Muwe pia na njia ya kumshusha mwenzenu haraka, kwa sababu mtu anayening'inia bila kusogea huzidiwa kwa dakika chache tu, damu ikikwama miguuni. Kama tajiri hawezi kununua mishipi kwa wote, basi wawe juu wale wenye mishipi tu, na wengine wafanye kazi ya chini. Na fito za paa la zamani mzikague kwa kutumia jukwaa la ndani, chini ya paa, kabla ya mtu yeyote kupanda.

Kuhusu jua, umenigusa. Hewa yetu ina unyevu, jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipozi. Mwili wa mtu aliyetoka nyanda za baridi unahitaji wiki moja au mbili kuzoea, na hatari kubwa iko katika siku zake za mwanzo, wakati ambapo naye anataka kumwonyesha mnyapara kwamba si mvivu. Mgeni apewe kazi nusu siku kwanza, kisha aongezewe kidogo kidogo. Maji yanywewe kikombe kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Katika miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, joto likiwa kileleni, na wengi wetu tunafunga. Mimi na kundi langu huanza mara baada ya sala ya alfajiri, mwangaza ukitosha, na saa tano tunaweka vyombo chini. Mwenye nyumba mmoja alilalamika kwamba ananilipa siku nzima. Nilimwonyesha ukuta: kwa saa hizo tulikuwa tumejenga kiasi kile kile tunachojenga siku ya kawaida, kwa sababu saa za mchana wa jua kali mikono hufanya kazi kwa nusu.

Muuguzi, Malindi

Nawasalimu. Nimefanya kazi kwenye chumba cha dharura kwa miaka mingi na naomba kuongeza mambo ambayo huyaona yakiwa yamekwisha kuharibika.

La kwanza ni jicho lililoingia chokaa au saruji. Wanaletwa wakiwa wamepakwa maziwa, au mafuta, au wamefungwa kitambaa. Chokaa na saruji huendelea kula jicho kwa ndani kila dakika inayopita, na dawa yake ni maji safi, mengi, papo hapo, kwa dakika 20 kamili, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole. Anzeni kuosha kwanza, na hospitali ifuate. Kwa hivyo kila kazi ya chokaa iwe na ndoo ya maji safi iliyofunikwa, ambayo haichotwi kwa ajili ya kukorogea.

La pili ni aliyeanguka kutoka juu. Ninajua kwamba Lamu hakuna barabara ya gari ndani ya mji na mgonjwa hubebwa hadi kwenye boti. Hata hivyo, asibebwe kwa kushikwa mikono na miguu. Kama mgongo au shingo imeumia, kumkunja kunaweza kumpoozesha mtu ambaye angetembea tena. Chukueni ubao mpana, au mlango uliong'olewa; watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mmoja akishika kichwa kisicheze, ubao usogezwe chini yake, afungwe kwa vitambaa, ndipo abebwe. Dakika mlizochelewa kutafuta ubao hazitamdhuru kama yeye anapumua na hatoki damu.

La tatu ni la joto. Aliyechanganyikiwa, anayeongea maneno yasiyoeleweka na ngozi ina moto, huyo si wa kupumzishwa tu kivulini. Mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na apelekwe hospitali wakati huo huo mkiendelea kummwagia.

Mwalimu, Langoni

Mafundi, nasoma kwa makini, na nina swali ambalo huenda wengi wanaogopa kuliuliza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninajenga nyumba yangu kidogo kidogo, chumba kimoja kwa mwaka, na fundi wangu ana wasaidizi wawili. Ninyi mnataja mishipi, nguzo za kuegemeza, glavu na fidia. Mtu kama mimi atavipata wapi? Na je, mimi ni mwajiri, au mwajiri ni fundi?

Mwanzilishi wa uzi

Mwalimu, umeuliza lililo katikati ya uzi huu, na sitalipamba.

Ukikubaliana na fundi bei ya kazi nzima, yeye akaleta watu wake, akawalipa mwenyewe na kuwaongoza mwenyewe, basi mwajiri wa wale wasaidizi ni fundi. Ukiwalipa wewe kwa siku na kuwaambia leo chimbeni hapa, kesho bebeni pale, itakuwa vigumu kusema kwamba wewe si mwajiri wao. Wengi wetu tunaishi kati ya hali hizi mbili, na hapo ndipo mtu akivunjika kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Kwa hivyo kitu cha kwanza ninachokuomba ununue kabla ya glavu ni daftari. Andika jina la kila anayefanya kazi, namba ya kitambulisho, siku aliyoanza, ujira wake, na nani anamlipa, na nyote mweke sahihi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, nayo imeweka fidia ya mtu aliyelemaa kabisa kuwa sawa na mshahara wa miezi 96. Miezi hiyo 96 huhesabiwa kutoka kwenye ujira unaoweza kuthibitishwa. Asiye na maandishi atabishana kwanza kama aliajiriwa, kisha atabishana alikuwa akilipwa nini.

Upande wa vifaa, sitakudanganya kwamba vyote ni rahisi. Mshipi kamili ni ghali kwa mtu anayejenga chumba kimoja kwa mwaka. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakanunua miwili na kuazimana. Lakini hesabu mambo yasiyogharimu chochote: kutorundika kifusi juu ya dari; kukunja ncha za nondo zinazosimama ili anayeanguka asichomwe; kuiegemeza ngazi kwa kuisogeza meta moja kutoka ukutani kwa kila meta nne za kwenda juu, na kuifunga kichwa chake; kung'oa misumari kwenye mbao zilizovuliwa zege badala ya kuzitupa chini; kutoondoa miti ya kushikilia zege ya dari kwa sababu tu unataka kuitumia chumba cha pili. Hili la mwisho nalisisitiza kwako, Mwalimu, kwa sababu wanaojenga kidogo kidogo ndio wenye haraka ya kuvua mbao. Zege hufikia nguvu iliyokusudiwa baada ya siku 28. Iache miti mahali pake kwa wiki tatu angalau, na mchanga usiwe wa pwani ya bahari, kwa kuwa chumvi yake itakula nondo na miaka michache baadaye vipande vya dari vitaanza kumwangukia atakayekuwa akiikarabati.

Ubebaji nao tumeuzoea hadi hatuuoni. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na ndoo ya lita 20 iliyojaa zege inakaribia uzito huo huo. Mawe ya kisiwa cha Manda hushushwa jahazini maji yakiwa yamejaa, watu wakikimbizana na maji kabla hayajaanza kupwa, juu ya ubao mmoja uliolowa. Ndoo ijazwe nusu, na ubao wa kushukia uwe miwili iliyofungwa pamoja.

Mzee, Matondoni

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi nimejenga majahazi maisha yangu, na mkono wangu wa kushoto hauna vidole viwili. Siwapingi. Lakini msije mkawafunza vijana kwamba mtu anaweza kuikimbia kadari yake. Lililoandikwa litakuwa.

Mwanzilishi wa uzi

Mzee wangu, shikamoo, na nakuheshimu kwa umri na kwa kazi. Sina shaka na kadari, na sikuandika ili kuipinga. Lakini tumefundishwa pia habari ya yule mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akajibiwa amfunge kisha ategemee. Wewe mwenyewe, Mzee, hukuwahi kuruhusu jahazi literemshwe majini bila kukagua kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya ya mbao. Kijana wa Mkomani hakufungiwa ngamia wake. Nilichokipinga ni kwamba neno kadari lilitumika jioni ile kufunga mazungumzo, kabla hata hajafikishwa hospitali, na waliolitumia haraka zaidi ni wale waliopaswa kusimamisha nguzo.

Kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi. Ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona, kwa sababu za msingi, kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu. Anamwarifu msimamizi wake, na haruhusiwi kufukuzwa wala kuadhibiwa kwa kuondoka huko. Najua kwamba kibarua wa siku moja haogopi kufukuzwa kwa barua, anaogopa kutoitwa kesho. Ndiyo maana ninasema wakubwa wa kazi, sisi wenye miaka 31 kazini, ndio tunaopaswa kukataa kwanza. Asubuhi ile, mimi nilipita kwenye mlango wa nyumba ile nikielekea sokoni. Nilisikia nyundo juu. Nilijua ni dari ya kale, na sikuingia.

Mama mzazi, karibu na Mambrui

Samahanini wazazi wenzangu, mimi si wa ujenzi. Mwanangu alikuwa akichimba kisima kwa tajiri mmoja, na mashine ya kuvuta maji iliteremshwa ndani ya shimo. Mwenzake alianguka, yeye akashuka kumwokoa, naye akaanguka. Walitolewa wote. Mwenzake alifariki. Mwanangu yu hai, lakini hadi leo anasahau mambo na hawezi kazi. Ni mwezi wa saba sasa tangu siku ile. Tajiri alitupa pesa ya matibabu ya kwanza akasema yamekwisha. Je, kuna la kufanya?

Mwanzilishi wa uzi

Mama yangu, pole sana, na Mungu amrehemu aliyetangulia. Nakujibu kwa utaratibu, na wachimba visima wanaosoma wasikilize pia.

Mashine ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo hutoa moshi wenye hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hujaa chini haraka. Hata bila mashine, shimo refu linaweza kukosa hewa ya kutosha, na shimo lililo karibu na choo linaweza kuwa na gesi mbaya zaidi. Anayeshuka kumwokoa mwenzake bila kamba na bila hewa huwa wa pili kuanguka, kama ilivyompata mwanao, na sithubutu kumlaumu kwa kumpenda mwenzake. Mashine hukaa juu, mbali na mdomo wa shimo. Anayeshuka hufungwa mshipi na kamba inayoshikwa na watu walio juu, ili avutwe bila mwingine kushuka.

Sasa kuhusu haki yake. Mwajiri alitakiwa kuiarifu Idara ya Usalama na Afya Kazini kwa sababu ya kifo kile ndani ya saa 24, na kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Kama hakufanya hivyo, kosa ni lake, na halimfungii mwanao mlango. Madai ya fidia hupelekwa kwa mkurugenzi wa idara hiyo, kupitia afisa wake wa eneo lenu. Usikubali mtu akuambie uanze mahakamani, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba madai haya huanzia kwa mkurugenzi. Sheria imetoa miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo kwa familia ya marehemu. Ninyi mmetumia saba. Mwambie na mama wa yule aliyefariki, kwa sababu hesabu yake inakwenda pamoja na yako.

Beba karatasi za hospitali zote, hata zile zilizochanika. Tafuta watu wawili waliowaona vijana wakifanya kazi pale, uandike majina yao na namba zao. Kama hakuna daftari, fungua simu ya mwanao utafute jumbe za M-Pesa za malipo ya kila Jumamosi kutoka kwa tajiri au mnyapara, kwa kuwa jumbe hizo zinaonyesha jina la aliyelipa, tarehe na kiasi. Ikiwa zimefutika, taarifa ya miamala huombwa kwa kampuni ya simu. Niandikie kwa faragha ukishazipata, nami nitakupangia zote kwa tarehe kabla hujakwenda.